Kanivali kabla ya Kwaresima: mabaki ya upagani au mtoto wa mfungo wenyewe?

#1 Tarumbeta (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Kila Februari picha za kanivali ya Rio, Brazil, zikianza kusambaa, chini yake hakosekani mtu wa kuandika kwamba hii ni sikukuu ya kipagani ya Warumi ambayo Kanisa liliivalisha kanzu. Imerudiwa mno hadi watu wanaiona ni kweli isiyo na mjadala. Mimi naona mambo ni kinyume. Naweka ninachokifahamu, wenye nondo zaidi washushe.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo inayoizaa kanivali. Pasaka ya Kanisa la Magharibi huwa Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaotimia Machi 21 au baada ya hapo. Mwezi huo ni wa hesabu za Kanisa, hautazamwi kwa macho. Kwa hiyo Pasaka haiji kabla ya Machi 22 wala haivuki Aprili 25. Ukishaipata tarehe, rudi nyuma siku 46, hapo ndipo Jumatano ya Majivu. Mbona 46 na si 40? Kwa sababu Jumapili sita zilizomo katikati si siku za kufunga. Zitoe, zinabaki 40 kamili. Jumanne inayotangulia Majivu ndiyo kilele cha kanivali karibu kila mahali. Mwaka 2026 Pasaka ni Aprili 5, Majivu Februari 18, na Jumanne yenyewe Februari 17.

Sasa mfungo. Leo Mkatoliki analazimika kufunga siku mbili tu, Majivu na Ijumaa Kuu, akiwa na miaka 18 hadi 59, na kuacha nyama siku hizo pamoja na Ijumaa za Kwaresima kuanzia miaka 14. Zama za kati ilikuwa habari nyingine kabisa: nyama, mafuta ya nguruwe, mayai, maziwa, siagi na jibini, vyote marufuku mpaka Pasaka. Hebu fikiria jiko la mkulima wa Ulaya mwezi Februari. Nguruwe alichinjwa mwanzoni mwa baridi, amebaki kipande cha chumvi na sufuria ya mafuta. Siku zimeanza kurefuka na kuku wamerudi kutaga. Mayai hayawezi kungoja siku 46, nyama nayo ikingoja itaharibika joto likianza. Kinachobaki ni kukaanga na kula mpaka kiishe.

Mtu wa pwani hahitaji maelezo marefu hapo: ni kuvunja jungu. Mwisho wa Shaabani watu wanakula, wanatoka, wanakwenda ufukweni, kesho au keshokutwa Ramadhani imeingia. Mzizi ni huo huo, mfungo ndio unaozaa karamu. Tofauti ni kwamba Ulaya karamu ile iliota matawi: barakoa, wafalme wa bandia, mahakama za mzaha, wanaume waliovaa magauni.

Tukija kwenye maandishi, Saturnalia ya Warumi ilianza Desemba 17, kwa hiyo hata kwa tarehe haikaribiani na kanivali. Lupercalia, sikukuu yao nyingine, ilikuwa Februari 15, na Papa Gelasius I aliipiga vita mwishoni mwa karne ya 5. Kutoka hapo hadi kanivali ianze kuonekana kwenye kumbukumbu ni pengo la mamia ya miaka. Venice inatajwa mwaka 1094, na mwaka 1296 Seneti yake ikaifanya siku ya mwisho kabla ya Kwaresima kuwa sikukuu rasmi. Köln, Ujerumani, inaonekana mwaka 1341, kwenye daftari la viapo vya baraza la mji. Jina lenyewe katika Kilatini cha zama hizo, carnelevare, linahusu kuondoa nyama. Ile hadithi kwamba jina limetoka kwenye "gari la merikebu" (carrus navalis) la Isis, mungu wa kike wa Misri aliyeabudiwa pia na Warumi, ilipata nguvu karne ya 19, wakati wasomi wa Ulaya walipokuwa wakitafuta upagani chini ya kila jiwe.

#2 Swali Moja

Mkuu Tarumbeta, nondo nzito. Ila kuna kitu kinanitatiza. Basel, Uswisi, kanivali yao inaanza Jumatatu BAADA ya Majivu. Na mji wenyewe ni wa Kiprotestanti. Kama ni mtoto wa mfungo mbona anakuja mama ameshaingia ndani?

#3 Majivu na Matawi

Ndugu Swali Moja, hiyo Basel ndiyo ushahidi bora kuliko wote, wala haimpingi mleta uzi.

Zamani siku 40 zilihesabiwa pamoja na Jumapili, kwa hiyo mfungo ulianza karibu wiki moja baadaye kuliko sasa. Sinodi ya Benevento ya mwaka 1091 ndiyo iliyothibitisha kwamba Jumapili haziingii kwenye hesabu, mwanzo ukarudi nyuma hadi Jumatano. Baadhi ya maeneo ya kusini mwa Ujerumani na Uswisi yalishikilia hesabu ya kale. Basel ilipogeukia Matengenezo ya Kiprotestanti mwaka 1529 desturi haikufa. Mpaka leo saa kumi kamili alfajiri ya Jumatatu ile taa zote za katikati ya mji zinazimwa, filimbi na ngoma zinaanza kwa amri moja, na taa kubwa za turubai zilizochorwa vichekesho vya siasa za mwaka huo zinatembezwa gizani. Inachukua saa 72 hasa, inaisha Alhamisi saa kumi alfajiri. UNESCO waliiandikisha mwaka 2017.

Milano ni hivyo hivyo kwa njia nyingine. Wao wanafuata liturjia ya Mtakatifu Ambrosi, ambayo Kwaresima yake inaanza Jumapili, si Jumatano. Kwa hiyo kanivali yao inaishia Jumamosi, siku nne baada ya miji mingine ya Italia kufunga duka.

Kwa Waorthodoksi hakuna Majivu kabisa. Mfungo unaanza Jumatatu. Nyama inaachwa wiki nzima kabla, lakini maziwa, siagi na mayai vinaruhusiwa kwa wiki hiyo moja. Ndiyo maana Maslenitsa ya Warusi ni wiki ya blini (chapati zao nyembamba) na siagi, hukuti nyama mezani. Ukiona tu kilichopo mezani unajua sheria ya mfungo ya watu hao inasemaje. Majirani zetu wa Ethiopia nao huanza Jumatatu, na mfungo wao mkuu ni siku 55, bila nyama, mayai wala maziwa.

Na kwa kuwa jina langu linanidai: majivu yenyewe hutoka kwenye matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita. Hukaushwa hadi yavunjike mkononi, yanachomwa kwenye chombo cha chuma, kisha majivu yanachekechwa. Matawi mabichi yakichomwa hutoa masizi yenye mafuta na vipande vya kahawia badala ya unga mweusi laini. Kosa jingine baya ni kuyachanganya na maji mengi. Majivu yenye maji huwa na alikali inayounguza ngozi, na imewahi kutokea waumini wakatoka malengelenge kwenye paji la uso. Tumia makavu, au matone machache tu.

#4 Bibi Kikaango

Wanangu mmeanza na kalenda, sasa ngoja niwape jikoni, maana kanivali bila karai ni maandamano tu.

Kila nchi ina kitu chake cha kumaliza mayai na mafuta. Waingereza hula chapati za maji Jumanne, na pale Olney wanawake hukimbia mita 380 hivi wakiwa na kikaango mkononi, mbio ambazo mapokeo yanasema zilianza 1445. Wapoland hawangoji Jumanne, wao wanakula pączki, maandazi yenye jamu, tangu Alhamisi ya wiki iliyotangulia. Waswidi wana semla, mkate wenye iliki, uliojazwa lozi na krimu. Mfalme wao Adolf Fredrik alikufa Februari 12, 1771 baada ya mlo mzito ulioishia na semla, na watoto wa shule kule wanaijua habari hiyo kuliko sheria alizotunga.

Ile ya Kijerumani, andazi la mviringo lenye jamu, vipimo vyake ni hivi: unga wa ngano gramu 500, hamira kavu gramu 7, maziwa vuguvugu mililita 200, yai zima 1 na viini 3, sukari gramu 60, siagi laini gramu 80, chumvi nusu kijiko cha chai, ganda la limao la kukwaruza, na kijiko kikubwa kimoja cha ramu (asiyetumia aweke siki nusu kijiko). Kanda dakika 10 hadi unga uache kushika mikono, siagi ukiiweka mwisho. Acha uumuke saa moja na nusu. Kata madonge ya gramu 58 hivi, utapata 16, yaviringe yasiwe na mpasuko chini, funika kitambaa, acha tena dakika 40.

Mafuta yawe nyuzi 170. Usipokuwa na kipimajoto, chovya mpini wa mwiko wa mbao: vipovu vidogo vikipanda kwa utulivu kuzunguka mti, tayari. Weka donge upande wa juu uangalie chini, funika karai dakika 2 hadi 3, geuza, kaanga mengine 2 hadi 3 bila kifuniko. Fundi mzuri anajulikana kwa mkanda mweupe katikati ya andazi. Usipotokea, donge halikuumuka vya kutosha, limezama badala ya kuelea. Likiwa kahawia nje na bichi ndani, moto ulizidi. Likinyonya mafuta, moto ulipungua au uliyajaza karai. Jamu inaingizwa baadaye kwa bomba, ukiweka kabla ya kukaanga itapasuka na kuchafua mafuta yote.

#5 Mzushi wa Kijiweni

Bibi, hiyo si maandazi tu jamani 😂

Ila Tarumbeta hajanishawishi. Barakoa za mapepo, sanamu zinachomwa moto, watu wanajipaka masizi. Hiyo yote mnaniambia ni mayai yanaisha? Nani anachoma sanamu kwa sababu ya mayai?

#6 Bibi Kikaango

Maandazi yana viini vitatu na siagi, mwanangu? Yako labda.

#7 Tarumbeta

Mzushi, swali lako ni la haki. Tuliangalie lile la sanamu kwa karibu.

Köln, sanamu ya majani makavu inayoitwa Nubbel inaning'inizwa juu ya mlango wa baa siku zote za kanivali. Jumanne usiku inashushwa, mtu anavaa kama padri au hakimu anaisomea mashtaka: nani alimaliza mshahara wangu? Nubbel! Nani alinilevya? Nubbel! Kisha inachomwa. Martinique, Vaval anachomwa jioni ya Jumatano ya Majivu yenyewe, watu wakiwa wamevaa nyeusi na nyeupe wakijifanya wajane. Urusi, mwanamke wa majani anachomwa Jumapili ya mwisho. Ukisikiliza maneno yanayosemwa, karibu yote ni mzaha wa kesi na mazishi: sherehe yenyewe inahukumiwa na kuzikwa kabla ya toba. Kwamba huenda wakulima walikuwa na mioto ya kumaliza baridi tangu kale, sikatai. Kitu kimoja kuwa cha zamani ndani ya sherehe hakuifanyi sherehe yote kuwa ya zamani.

Tena angalia jinsi nasaba za kale zinavyotungwa. Binche, Ubelgiji, wale wacheza kanivali waitwao Gilles, wenye kofia za manyoya ya mbuni, walikuwa wakielezwa kwamba wanaiga Wainka, kutokana na sherehe ambazo Maria wa Hungaria aliandaa pale mwaka 1549. Hadithi hiyo ilitungwa karne ya 19, ikavutia, ikashika. Köln nako hiki mnachokiona leo, kamati, Prinsi (mtawala wa mzaha wa kanivali), magwaride ya Jumatatu, vilipangwa mwaka 1823 na wenyeji wa mji waliokuwa chini ya utawala wa Prussia. Ndiyo maana kuna vikosi vya askari wa mzaha wenye sare na bunduki za mbao: ni dhihaka ya jeshi. Msimu wao unafunguliwa Novemba 11 saa tano na dakika 11 asubuhi, siku ya Mtakatifu Martini, ambayo zamani ilitangulia mfungo mwingine wa kuelekea Noeli. Unaona tena? Karamu mlangoni pa mfungo.

Na tusiipambe. Roma, kuanzia wakati wa Papa Paulo II karne ya 15, kanivali ilikuwa na mbio za kuwadhalilisha Wayahudi, wanakimbizwa barabarani umati ukiwazomea na kuwarushia vitu. Papa Clement IX alizifuta mwaka 1668 na kuweka kodi badala yake. Wanaopenda kusema kanivali ni siku ambayo mnyonge anageuka mfalme wakumbuke mara nyingine mnyonge aligeuzwa mchezo.

#8 Mama Barakoa

Kuhusu barakoa, Venice haikuzivaa kwa ajili ya mapepo hata kidogo. Sheria ya kwanza inayojulikana juu yake, ya mwaka 1268, inakataza watu waliovaa barakoa kurusha mayai yenye maji ya manukato. Karne zilivyosonga barakoa ikawa vazi la mjini: tajiri na mchuuzi wanakaa meza moja ya kamari, hakuna anayejua nani ni nani. Bauta, ile nyeupe yenye kidevu kilichochongoka mbele, imeundwa hivyo ili uweze kula na kunywa bila kuivua, na sauti yako ibadilike. Moretta ya wanawake, duara jeusi la mahameli, haikuwa na kamba. Ilishikwa kwa kifungo kati ya meno, kwa hiyo aliyeivaa hawezi kusema neno. Ile yenye mdomo wa ndege ni vazi la daktari wa tauni, imeingizwa kanivalini baadaye. Jamhuri ilipoanguka mbele ya Napoleon mwaka 1797 sherehe ikafa, na hii ya sasa imefufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Nusu yake ni utalii, tusidanganyane.

Wanaotaka kutengeneza kwa njia ya mafundi wa kule:

Finyanga uso kwa udongo, kisha uumwagie jipsamu uliokorogwa kama uji mzito, unene wa sentimita 3 hivi. Ukikauka, toa udongo, unabaki na kalibu yenye shimo la uso. Paka vaselini kote, hasa puani. Chukua karatasi nzito inayonyonya maji, ICHANE kwa mikono, usikate kwa mkasi, maana ukingo uliochanika una nyuzi zinazoshikana na ukingo wa mkasi huacha mstari. Loweka kwenye gundi ya unga wa ngano (kikombe 1 cha unga kwa vikombe 5 vya maji, chemsha ukikoroga hadi iwe laini), kamua, kandamiza ndani ya kalibu. Tabaka la kwanza ndilo uso utakaoonekana, kwa hiyo pua na kope zibanwe kwa ncha ya mti, hewa ikibaki utapata tundu. Tabaka 2 hadi 3 zinatosha kwa karatasi nzito, 6 kwa gazeti.

Kausha kivulini penye upepo siku nzima au zaidi. Jua kali linakausha nje kabla ya ndani, barakoa inajikunja kama gamba. Ukiitoa ikiwa na unyevu, inalegea, na ukungu utaota ndani ya wiki. Pwani kwetu unyevu wa hewa ni mwingi, weka kijiko cha chumvi kwenye gundi kuzuia ukungu. Baada ya hapo pakaa chokaa laini iliyochanganywa na gundi, tabaka mbili, piga msasa, kata macho, ndipo rangi, na vanishi mwisho.

#9 Ngoma Nzito

Wakuu mmekaa Ulaya mno. Kwa mtu mweusi kanivali ilipata maana yake kubwa ng'ambo ya Atlantiki, na hapo hoja ya mayai haitoshi tena.

Trinidad ilikuwa ya Wahispania. Mwaka 1783 walitoa amri ya kuwakaribisha Wakatoliki wa mataifa mengine, wakaja Wafaransa na watumwa wao, na dansi za barakoa za msimu huu. Mabwana hao walikuwa na mchezo wa kujivalisha kama watumwa wa shambani na kubeba mienge, wakiigiza tukio la miwa kushika moto, ambapo watumwa wa mashamba ya jirani walikusanywa usiku kwa viboko ili kuokoa mavuno. Utumwa ulipokoma kabisa mwaka 1838, walioachwa huru wakalichukua igizo hilo hilo wakaliingiza barabarani kwa mienge, fimbo na ngoma, na kulifanya ukumbusho wa mateso yao. Ndiyo Canboulay. Bwana anamwigiza mtumwa, mtumwa aliye huru anamwigiza bwana anayemwigiza. Mhusika aitwaye Dame Lorraine, mwanamume mwenye matiti na makalio ya matambara, ni dhihaka ya mke wa yule bwana.

Serikali ya Mwingereza haikulipenda. Mwaka 1881 Kapteni Baker na polisi wake walipambana na waandamanaji Port of Spain. Mwaka 1884 sheria ikapiga marufuku ngoma na mienge. Watu wakakata mianzi ya urefu mbalimbali, mnene unagongwa chini kwa besi, miembamba inagonganishwa mkononi. Baada ya mianzi yakaja makopo ya biskuti na vyuma vya magari, na katikati ya miaka ya 1940 mapipa ya mafuta. Huu ndio mnyororo: marufuku ya ngoma ikazaa chombo kipya cha muziki.

Pipa linavyokuwa ngoma: chukua la lita 200 lisilo na kutu. Pipa lililobeba kemikali kali liache. Geuza kitako juu, pigapiga kwa nyundo nzito ukianzia ukingoni kwa mzunguko kwenda kati hadi libonyee sentimita 20 hivi kwa pani (ndiyo ngoma ya pipa) ya sauti ya juu. Chuma kinavutika na kuwa chembamba zaidi katikati, na ndiyo sababu noti kubwa za chini hukaa ukingoni na ndogo za juu kati. Ukipiga pahali pamoja mno, kinapasuka, pipa limekwenda. Chora noti, kisha zitenganishe kwa kupiga mfereji kwa patasi BUTU. Yenye makali hukata chuma, na noti inavuja sauti kwa jirani yake. Kata ubavu: pani ya juu hubakiza sentimita 15 hivi, besi hubaki na pipa zima, ndiyo maana mpiga besi mmoja huzungukwa na mapipa sita yenye noti tatu tatu. Choma kwa moto hadi rangi igeuke samawati, kisha poza. Hatua hiyo hukifanya chuma kishike sauti. Ukizidisha, kinalegea na noti hazitulii. Kutuni, yaani kurekebisha sauti za noti, ndiyo kazi ya bwana mkubwa: nyundo ndogo kutoka chini huinua noti, kutoka juu huishusha, ukirekebisha moja unaivuruga ya jirani, unarudi tena na tena.

Rio kwa ufupi maana wengi wanaijua. Wareno walileta entrudo, mchezo wa kurushiana maji, unga na vidude vya nta vyenye maji ya marashi, ukapigwa marufuku mara nyingi. Shule za samba, yaani vikundi vya mitaa vya kucheza na kupiga samba, zilianzia mitaa ya Waafrika na maskini: Deixa Falar, mtaa wa Estácio, 1928. Shindano la kwanza likaandaliwa na gazeti mwaka 1932. Uwanja wa sasa, mchoro wa Oscar Niemeyer, ulifunguliwa 1984. Mwaka 2025 kila shule ya daraja la juu ilikuwa na dakika 70 hadi 80 kuvuka, na kila dakika ya ziada inakata pointi 0.1. Vipengele vya kuhukumiwa ni tisa, alama kuanzia 9.0 hadi 10, kwa hiyo ubingwa huamuliwa na sehemu za kumi. Kinachoua shule nyingi ni pengo: gari kubwa likikwama, walio mbele wanaendelea, nafasi tupu inatokea, na waamuzi wa mwendo wanakata. Wapiga ngoma, karibu 250 hadi 300, nao huingia kwenye uchochoro wa pembeni ili wenzao wapite, kisha hutoka kufunga msafara. Wakichelewa kutoka, pengo. Masurdo (ngoma za besi) mawili makubwa ndiyo moyo: la kwanza linapiga mdundo wa pili, la pili linajibu mdundo wa kwanza. Alama za waamuzi husomwa Jumatano ya Majivu alasiri, na sidhani Majivu hushinda umati siku hiyo.

#10 Swali Moja

Sasa hilo. Sisi tuna mamilioni ya Wakatoliki Tanzania, Kenya, Kongo, Burundi. Mbona hatuna? Na ule Mwaka Kogwa wa Makunduchi hauhesabiki?

#11 Majivu na Matawi

Mwaka Kogwa uuache pembeni, ni mwaka mpya wa kalenda ya jua, Julai, hauna mfungo nyuma yake.

Sababu naziona tatu. Wareno walikaa pwani yetu karne mbili lakini kama askari na wafanyabiashara ngomeni, hawakujenga miji ya Wakatoliki wenyeji. Pili, wamisionari waliotuletea Ukatoliki, kuanzia Bagamoyo 1868, walitoka kwenye Kanisa lililokuwa likipigana na kanivali kwa muda mrefu. Tangu 1556 Wajesuiti pale Macerata, Italia, walipoanzisha kuabudu Ekaristi saa 40 katika siku zile zile ili kuwavuta watu kutoka mitaani, msimamo haukulegea. Hawakuja kutufundisha walichokuwa wakikifukuza kwao. Tatu, Februari huku si mwisho wa baridi wala hakuna ghala la nyama ya chumvi la kumaliza.

Palipo na mji wa Kireno wa kudumu, ipo. Iliyo karibu nasi zaidi ni Quelimane, Msumbiji. Luanda ipo pia, na baada ya uhuru iliwahi kuhamishiwa Machi 27 kukumbuka kuondoka kwa majeshi ya Afrika Kusini mwaka 1976, ikaitwa kanivali ya ushindi, baadaye ikarudi mahali pake kabla ya Majivu. Mindelo, Cabo Verde, ndiyo maarufu kuliko zote Afrika. Na Goa, kwao wale Wagoa waliokaa Zanzibar, Mombasa na Dar, huifanya siku nne kuanzia Jumamosi, Mfalme Momo, mfalme wa bandia wa kanivali, akisoma amri kwamba watu wale, wanywe na wafurahi.

#12 Mzushi wa Kijiweni

Nimekubali nusu. Mwenye tarehe za 2027 aziweke, nina ndugu London anasema atanipeleka kanivali ya Notting Hill Februari.

#13 Tarumbeta

Ndugu yako anakutania. Notting Hill ni mwisho wa Agosti. Mizizi ni Trinidad, na sherehe ya kwanza ya Claudia Jones, mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, ilifanyika ukumbini, Januari 30, 1959, karibu na msimu wenyewe. Ilipotoka barabarani miaka ya 1960 ikahamia kiangazi, maana Februari London huwezi kutembea na manyoya na kifua wazi. Toronto nayo ni Agosti kwa sababu hiyo hiyo.

2027: Pasaka Machi 28. Trinidad Februari 8 na 9, wengi wanaingia barabarani tangu saa kumi alfajiri ya Jumatatu. Rio na Binche kilele kinafika Februari 9 (Binche, Gilles wakikurushia chungwa usilirudishe, ni zawadi, kulirusha ni tusi). Köln gwaride kubwa Februari 8. Milano Februari 13. Basel Februari 15 saa kumi alfajiri, na usiku wa kuamkia hapo treni za ziada hujaa, usingoje ya mwisho. Maslenitsa Machi 8 hadi 14, kwa kuwa Pasaka ya Waorthodoksi ni Mei 2.